Boti ya kabini ya mtumba, futi 28, mashine mbili za petroli: ninunue au niachane nayo?

#1 Bahari_Msasani
Wakuu, salaam. Kuna boti ya kabini ya futi 28 inauzwa hapa Dar, imetokea Emirati. Bodi ni ya faiba, ina vitanda vinne, choo na jiko dogo. Ndani kuna MerCruiser mbili za petroli, V6 za lita 4.3, kila moja nguvu farasi 190, na nyuma miguu ya Alpha One (sehemu ya nje ya majini inayobeba propela). Saa zinasoma 410. Muuzaji anasema ni ya mwaka 2008. Imefungwa kwenye boya hapa Msasani na haijapandishwa miezi mingi.

Matumizi yangu: watu sita wa familia, visiwa vya Mbudya na Bongoyo mwisho wa wiki, Unguja mara chache kwa mwaka. Naomba wenye ujuzi mnieleze nikague nini na utunzaji wake ukoje. Msiniishie kwenye "tafuta fundi mzuri". Fundi nitamchukua, ila nataka nijue anatakiwa atazame wapi na kwa nini.

#2 Fundi_Mtwapa
Mkuu, msimamo wangu niuweke mapema: boti yenyewe huenda si mbaya, pabaya ni pale inapolala. Alpha One ni mguu wa alumini uliokusudiwa boti inayoshuka majini Jumamosi na kurudi juu ya trela Jumapili. Ukiuacha kwenye boya mwaka mzima, kwenye chumvi ya nyuzi 28, alumini inaliwa, mipira ya mikunjo inashikwa na kome wenye ncha kali, na tundu za kuvutia maji zinaziba. Isitoshe, impela ya kuvuta maji ya bahari kwenye Alpha imo ndani ya mguu, haipo mbele ya mashine. Kuibadilisha lazima nusu ya chini ya mguu ishushwe, maana yake boti iwe nchi kavu. Impela ni kitu cha kila mwaka. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: una mahali pa kuipandisha na kuiweka juu? Kama huna, endelea kusoma kwa faida tu.

Kama unapo, anza na namba ya bodi. Boti ya Marekani ina alama 12 nyuma kabisa, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Herufi tatu za kwanza ni kiwanda, tano zinazofuata ni namba yake, kisha herufi ya mwezi ilipotengenezwa (A ni Januari, B Februari, hivyo hivyo), tarakimu moja ya mwaka wa kutengenezwa, na mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Ikiishia D808, ni Aprili 2008, toleo la 2008. Ikiishia C798, ni Machi 1997 inayouzwa kama toleo la 1998, na mtu anakuuzia miaka kumi ambayo haipo. Ya Ulaya inaanza na herufi mbili za nchi. Namba ikiwa imekwanguliwa au imepakwa rangi juu, simama hapo hapo.

Saa 410 zisikufurahishe. Kwa nguvu farasi 190 hiyo ni ya kabureta, haina kompyuta ya kutunza kumbukumbu. Kipima saa ni kidude cha dashibodi kinachotolewa kwa bisibisi. Hata kikiwa cha kweli, saa chache kwa miaka mingi maana yake mashine ilikaa na maji ya chumvi tumboni bila kuzungushwa, na huko ndiko zinakofia.

Tazama inapozwaje. Ukiona juu ya mashine kuna tangi dogo lenye kifuniko cha presha kama cha rejeta, ina kipoza maji na kulanti inazunguka ndani. Usipoliona, maji ya bahari yanapita moja kwa moja ndani ya bloku. Nyingi za 4.3 ziko hivyo. Hapo kinachoamua bei ni manifodi za egzosi (vyuma vinavyokusanya moshi wa silinda) na viwiko vyake. Kiwiko kinashikwa na bolti nne. Mwambie muuzaji kifunguliwe kimoja kila mashine. Gasketi mpya ni juu yako. Tazama uso wa chuma: kuna tundu la moshi katikati na njia za maji pembeni. Ukiona michirizi ya kutu inayotoka njia ya maji kuelekea tundu la moshi, gasketi imeshaanza kupitisha. Maji yanateremka kupitia valvu iliyo wazi hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo siku utakapopiga stata mashine inagoma katikati ya mzunguko na koneki rodi inapinda. Kwenye chumvi, manifodi na viwiko vya chuma hubadilishwa miaka 5 hadi 6 hata kama kwa nje vinang'aa rangi. Havina risiti? Hesabu kuwa havijabadilishwa.

Halafu fungua plagi zote kumi na mbili uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi moja yenye kutu kati ya nyingine za kahawia imekujibu. Pima kompresheni mashine ikiwa na moto, kabureta wazi kabisa. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Mipira ya mikunjo nyuma ni mitatu: ya jointi, ya egzosi na ya kebo ya gia. Inua mguu, zungusha usukani mpaka mwisho, kisha panua mikunjo kwa vidole na tochi. Nyufa zinajificha chini kabisa ya mkunjo, juu hazionekani. Umri wake ni miaka 2 hadi 3. Ule wa jointi ukitoboka, maji yanaua jointi na beringi ya nyuma ya tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti. Utasikia ngurumo ukikata kona. Na boti ikiwa kwenye boya, tundu hilo liko chini ya mstari wa maji. Inazama usiku bila wimbi lolote.

#3 Mama_Chwaka
Mimi niongelee Unguja, maana wengi wanasahau hesabu ya mafuta. Msasani hadi Mji Mkongwe ni kama maili 40 za baharini. Petroli hula takribani lita 38 kwa saa kwa kila nguvu farasi 100 unazozitumia kweli. V6 mbili zikiisukuma futi 28 kwa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), weka lita 70 hadi 80 kwa saa. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, ni lita 320 kwa bahari tulivu. Kanuni ni theluthi moja kwenda, theluthi moja kurudi, theluthi moja akiba, kwa hiyo unahitaji uwezo wa lita 480. Tangi la boti hiyo ni lita ngapi? Na usihesabu ujazo wote, kwa sababu sehemu ya chini ya tangi haivutwi.

Jambo la pili ni bati la daraja kama boti ina alama ya Ulaya. Daraja C ni upepo hadi nguvu 6 ya kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 2. B ni hadi nguvu 8 na mita 4. Mkondo wa Zanzibar wakati wa kusi, hasa Juni na Julai alasiri, upepo ukipambana na mkondo, unaweza kuikaribia mita 2 hiyo upesi. Boti ya C ivuke asubuhi, au isubiri matlai na kaskazi tulivu. Bati pia limeandikwa idadi ya watu. Sita ni sita pamoja na nahodha.

#4 Mzee_wa_Faiba
Wanangu mmekimbilia mashine, bodi mmeiacha. Mashine hubadilishwa. Bodi iliyooza ndani haina dawa ya bei nafuu.

Boti ipandishwe na ioshwe tumbo siku hiyo hiyo, kabla haijakauka. Malengelenge ya osmosi, yaani maji yaliyopenya ndani ya faiba, yanaonekana vizuri faiba ikiwa bado na maji. Ikikaa juani wiki moja madogo yananywea na muuzaji anakuonyesha tumbo laini. Toboa moja kwa ncha ya kisu ukiwa umevaa miwani, kwa kuwa maji yake yana presha. Yakinuka siki na kunata vidoleni, ndiyo osmosi. Lengelenge kumi ukubwa wa shilingi si sababu ya kukimbia: unazisaga moja moja, unaosha kwa maji yasiyo na chumvi siku kadhaa mpaka harufu iishe, unaacha ikauke, kisha unajaza epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia. Usitumie rezini ya poliesta ya kawaida, haishiki vizuri kwenye faiba ya zamani. Tumbo lililojaa kote kama ngozi ya chura ni kazi nyingine: jelikoti (tabaka la nje linalong'aa) yote itolewe, bodi ikauke wiki hata miezi, halafu epoksi mikono mitano au sita. Kwa unyevu wa pwani yetu kazi hiyo usiianze masika.

Sasa gonga. Chukua kinyundo cha plastiki, au mpini wa bisibisi, ugonge kila kiganja cha mkono kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi. Faiba nzima inatoa mlio mkavu wa kuruka. Iliyoachana matabaka au yenye plaiwudi iliyooza ndani inatoa mlio mfu. Mahali pa kukaza ni tezi kuzunguka miguu miwili. Pale ndani ni plaiwudi nene iliyovikwa faiba, na kila bolti ni mlango wa maji. Mtu mmoja ashike mguu kwa chini auinue na kuuachia, mwingine atazame ukingo unapogusana na bodi. Ukicheza hata kidogo, au maji ya kahawia yakichuruzika kwenye bolti, tezi imeoza. Kuijenga upya ni kutoa mashine zote mbili, kukata faiba ya ndani, kung'oa mbao, kuweka mpya kwa epoksi. Hiyo ni gharama inayomeza boti nzima.

Ndani inua vifuniko vya sakafu. Mataruma marefu yanayobeba mashine nayo ni mbao zilizovikwa faiba. Legeza bolti moja ya kitako cha mashine. Ikizunguka bila kushika, mbao haipo tena. Sitaha tembea peku, polepole. Ikibonyea karibu na nguzo za kushikia, dirisha la omo au kiti cha nanga, maji yameingia kwenye mbao laini iliyo katikati ya matabaka. Wanaotoboa sitaha na kupaka silikoni tu ndio wanaoleta hayo. Ukifunga kitu chochote, toboa tundu kubwa kuliko bolti, jaza epoksi, ikiganda toboa tena ukubwa wa bolti. Hapo maji hayaipati mbao.

La mwisho kwa boti za Ghuba: tangi la mafuta. Mengi ni ya alumini, yamelala chini ya sakafu juu ya mpira au povu. Maji yakinaswa kati ya mpira na alumini, yanalitoboa kutokea chini, usipopaona. Ingiza kioo kidogo chenye mkono na tochi. Unga mweupe pembeni ya kitako ni alumini inayoliwa. Tangi la petroli lenye tundu ndani ya boti ya kabini halina mjadala.

#5 Tezi_na_Omo
Wakuu, mnamtisha jamaa. Boti za aina hii zinauzwa bei ndogo sana kwa sababu hiyo hiyo. V6 4.3 ni mashine ya gari, spea zake ziko hadi Kariakoo: stata, alteneta, pampu ya mafuta, kabureta. Mguu wa Alpha spea zake zinapatikana dunia nzima. Kwa pesa ya dizeli moja ananunua hii na anabakiza ya matengenezo miaka mitatu. Akiwa na trela na mteremko wa kushushia, tatizo liko wapi?

#6 Fundi_Mtwapa
Kwa trela nakubaliana nawe, na nimeshasema. Lakini hilo la Kariakoo naomba mtu asilifuate, kwa sababu linaua.

Chumba cha mashine ya boti kimefungwa pande zote na chini. Gari ikivujisha petroli, mvuke unaanguka barabarani. Kwenye boti mvuke ni mzito kuliko hewa, unatulia kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya boti, chini ya mashine. Stata na alteneta ya boti imezibwa isitoe cheche nje. Ya gari brashi zake zinacheche wazi kabisa. Pampu ya mafuta ya gari, kiwambo kikipasuka, inamwaga petroli nje. Ya boti ina kiwambo cha pili na kijibomba kinachopeleka mafuta kwenye kabureta ili uone. Kabureta ya boti ikifurika inamwagia ndani ya koo la mashine, ya gari inafurikia nje. Kwa macho zinafanana, hata bolti zinaingia. Kwa hiyo kwenye ukaguzi soma maandishi ya kila kimoja. Ukikuta alteneta ya gari, jua aliyeitunza boti hiyo alikuwa hajui anachocheza nacho, na tafuta mengine.

Na feni ya kutoa mvuke: washa dakika 4 kabla ya stata, kila mara, hasa baada ya kujaza mafuta. Bomba lake la kunyonya lazima lifike chini ya ngama, juu kidogo ya kimo cha maji ya kawaida. Mengi yamekatika na yananing'inia juu, yananyonya hewa safi. Pua ndiyo kipimo cha kwanza: fungua kifuniko, nusa, ndipo uwashe.

#7 Bahari_Msasani
Asanteni sana. Trela sina, na kwetu hapana mahali pa kuipandisha kila wiki. Kuna nyingine ya futi 27, pia faiba, kabini ya watu wawili, dizeli moja ya nguvu farasi 200 yenye shafti ya moja kwa moja. Mwenyewe anataka pesa nyingi zaidi. Je, hiyo? Au ninunue ya kwanza, nitoe V6, niweke mashine mbili za kuning'inia nyuma?

#8 Nahodha_Kilindini
Kaka, ya dizeli ndiyo boti ya mtu mwenye boya. Shafti ni chuma kisichopata kutu, propela ya shaba nyeusi, hakuna mpira wa mikunjo wala alumini inayolala chumvini. Kasi ni noti 15 au 16, lita kama 30 kwa saa. Unguja kwa saa mbili na nusu ni lita 75. Linganisha na hizo 160 za Mama Chwaka, kisha ugawanye tofauti ya bei ya kununulia. Mvuke wa dizeli hauripuki kama wa petroli, na watoto watakaolala kabini ni wako.

Ila ina mitego yake. Njoo asubuhi kabla hawajaiwasha. Weka mkono juu ya bloku. Ikiwa na moto wameipasha wakufiche ugumu wa kuwaka, rudi siku nyingine. Dizeli nzima ya ukubwa huo hapa kwetu inawaka ndani ya sekunde chache. Moshi mweupe kidogo ukiondoka baada ya dakika mbili si kitu. Mweupe usioondoka wenye harufu ya mafuta ni nozeli au kompresheni. Bluu ni oili: ringi au tabo. Mweusi chini ya mzigo ni hewa haitoshi, propela kubwa mno, au tumbo limejaa kome.

Kama ina tabo, huwa na kipoza hewa kinachopitisha maji ya bahari. Hicho ndicho wengi hawakigusi mpaka kinatoboka na kuingiza chumvi kwenye silinda. Kifunguliwe kila miaka miwili, mirija isafishwe, oringi mpya, na bolti zipakwe grisi ya baharini la sivyo safari ijayo hazifunguki. Kipoza maji nacho hivyo hivyo, na zinki zake za ndani (vipande vya chuma vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine) zitazamwe kila mwezi mmoja au miwili. Zikibaki nusu, badilisha. Zikikatika, vipande vyote vitolewe, maana vinaziba mirija. Impela ya dizeli iko mbele, kifuniko chenye skrubu nne au sita, unaibadilisha ukiwa kwenye boya: funga valvu ya maji, fungua kifuniko, vuta impela, hesabu mabawa. Bawa likikosekana limekwenda kwenye kipoza maji. Lifuate mpaka ulipate, kwa sababu mashine itachemka hata ukiweka impela mpya. Paka mpya gliserini au sabuni ya maji, si grisi ya mafuta, ingiza mabawa yakilalia kinyume na upande inaozungukia.

Shafti inapotoka kwenye bodi kuna kizibo cha kamba ya nta. Kitone matone machache kwa dakika ikizunguka, isimame karibu kabisa ikilala. Gusa baada ya safari: vuguvugu ni sawa, ikichoma umekaza mno na shafti inachongeka. Nje shika propela uitikise juu na chini. Ikicheza kwenye beringi ya mpira kuliko unene wa kadi mbili tatu, mpira umekwisha.  Mtetemo unaopanda pamoja na mwendo mara nyingi ni propela iliyopinda au mpangilio wa mashine na shafti. Mpangilio upimwe boti ikielea, siku moja baada ya kushushwa, kwa sababu faiba hubadilika umbo kidogo juu ya magogo. Pengo kati ya flanji mbili lisipishane zaidi ya milimita 0.1 ukizunguka kote.

Hilo la kubadilisha ya kwanza iwe na mashine za nje linawezekana lakini soma posti ya Mzee wa Faiba kuhusu tezi. Yamaha F150 moja ni kama kilo 220, V6 na mguu wake inakaribia 400, kwa hiyo uzito unapungua lakini unasogea nyuma na juu. Utaziba matundu mawili makubwa, utajenga tezi upya na kuongeza mabano. Faida ni kwamba mashine za nje unaziinua zitoke kabisa majini, na kila fundi wa pwani anazijua. Bei ya mashine mbili mpya huwa kubwa kuliko boti.

#9 Mwanza_Ziwani
Niongeze kwa wa huku ziwani wanaosoma: hofu nyingi za manifodi hapa hazipo, maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi na V6 ya kupozwa moja kwa moja inadumu. Zinki ndiyo tofauti. Ziwani tumia magnesiamu. Ukiipeleka boti hiyo pwani na magnesiamu yake inayeyuka kwa wiki chache. Baharini ni zinki au alumini. Na usichanganye aina mbili kwenye mguu mmoja.

#10 Fundi_Mtwapa
Kwa ile ya dizeli, jaribio la baharini lifanywe hivi. Tangi liwe nusu au zaidi, watu wanne ndani, tumbo safi. Nusu saa kwa mwendo wa kawaida, andika joto na presha ya oili kila dakika tano. Kisha fungua mafuta yote kwa dakika tano nzima. Kitabu cha mashine kinasema mizunguko ya juu, tuseme 3,500. Ikifika 3,480 mpaka 3,550, sawa. Ikikwama 3,100, kuna kitu: propela ina pichi kubwa mno (inapiga hatua ndefu mno kila mzunguko), tabo imechoka, filta imeziba, au mashine imechoka. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200, hivyo upungufu wa 400 si lazima mashine iwe mbovu, ila muuzaji athibitishe kwa gharama yake. Joto likianza kupanda pole pole katika dakika hizo tano na kushuka ukipunguza, kipoza maji kimeziba. Jaribio la mwendo wa kati halitakuonyesha hilo kamwe. Baada ya kurudi vuta oili kidogo ya moto katika chupa safi. Ikikaa usiku na kuonyesha utando wa maji chini, achana nayo.

Mafuta yetu ndiyo adui mwingine. Maji yakikaa chini ya tangi la dizeli, vijidudu vinaota kwenye mpaka wa maji na mafuta na kutengeneza uteute mweusi. Bahari ikichafuka uteute unanyanyuka, filta inaziba, mashine inazima mbele ya mwamba. Filta ya kwanza iwe ya kutenga maji yenye kikombe cha kuonea, maikroni 10 hadi 30, ya pili ile ya kwenye mashine. Funga mbili za kwanza sambamba zenye valvu ya kuhamisha, uweze kubadilisha ukiwa safarini. Tangi lijazwe kabla ya kulala muda mrefu, nafasi tupu ndiyo inayotoa jasho. Oili 15W-40 na filta yake kila saa 100 au mwaka, kimojawapo kikitangulia. Kulanti kila miaka miwili.

#11 Umeme_wa_Boti
Naona umeme mmeuruka. Betri ya stata iwe peke yake, ya taa na friji peke yake. Betri iliyojaa na kutulia saa kadhaa inasoma volti 12.6 au 12.7; 12.2 ni nusu. Waya ziwe zilizopakwa bati. Kata kipande kidogo cha ncha: shaba nyeusi ndani ya plastiki maana yake chumvi imeshatembea ndani na utakimbizana na hitilafu kila mwezi.

Pampu ya ngama isipite kwenye swichi kuu. Iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi, iwe na swichi yake ya kuelea inayoiwasha maji yakipanda, ili boti ikiwa yenyewe kwenye boya ifanye kazi. Lakini msiipe imani kubwa. Tundu la milimita 38 likiwa nusu mita chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ndogo iliyoandikwa galoni 500 kwa saa inatoa chini ya 30, na betri ikiisha haitoi kitu. Kwa hiyo kinachookoa boti ni valvu za bodi: ziwe za shaba ya baharini na si za bomba la nyumbani. Ya nyumbani chumvi inatoa zinki ndani yake, inabaki rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti. Ikwangue kwa kisu. Waridi badala ya njano, ibadilishwe. Kila hozi klipu mbili, na kizibo cha mti laini kimefungwa kwa kamba kando ya kila valvu. Zungusheni valvu zote kila mwezi, ile isiyozungushwa hugandia wazi.

#12 Bahari_Msasani
Nimeelewa, ya petroli naiacha. Ya dizeli itapandishwa wiki ijayo na bei nimemwambia inategemea ukaguzi. Swali la mwisho: rangi ya tumbo, boya na karatasi.

#13 Mzee_wa_Faiba
Rangi ya kuzuia viumbe ipakwe kila baada ya miezi kumi hadi kumi na miwili. Mikono miwili tumbo zima, wa tatu kwenye mstari wa maji na usukani wa chini ya maji, ambako jua na mwendo vinakula zaidi. Yenye shaba inafaa kwa bodi ya faiba na propela ya shaba. Ingekuwa ile ya miguu ya alumini, shaba ungeiweka mbali nayo, vinginevyo alumini ingegeuka zinki ya boti. Zinki za shafti na usukani usizipake rangi hata tone. Boti ya shafti yenye mkuku mrefu (uti wa chini wa bodi) unaweza kuikausha mchangani wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi, maji yakipwa, ukafanya zinki na kusugua tumbo kabla hayajajaa. Chagua mchanga mgumu usio na mawe, na uegemeze upande mmoja ulioutaka wewe.

Nanga: kilo 10, mnyororo wa milimita 8 mita 10, kamba ya nailoni milimita 14 mita 50. Kimo hesabu cha maji kujaa. Ukitia nanga kwenye mita 3 maji yakiwa yamepwa, bamvua likaongeza mita 4 na omo likawa mita 1 juu, hiyo ni mita 8. Mara tano ni mita 40. Usiku wa upepo mara saba, 56. Wanaotia nanga Bongoyo wakihesabu mita 3 ndio wanaoonekana saa sita usiku wakielea kuelekea mjini. Boya lako lenyewe pingu zake za chini ya maji zikaguliwe na mpigambizi kila miezi sita. Mnyororo huliwa zaidi pale unaposuguana na mchanga, kwa hiyo apime unene wa pete hapo, na ukipungua theluthi ubadilishwe.

Karatasi: risiti ya mauzo yenye namba ya bodi na ya mashine, hati ya forodha kuonyesha ushuru ulilipwa, usajili na cheti cha ukaguzi. Mamlaka ya vyombo vya majini kwa Bara ni TASAC, Unguja na Pemba ni ZMA, Kenya ni KMA. Namba zote zilinganishwe na vyuma kwa macho yako kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Maboya ya kuvaa yawe na saizi za watoto, redio ya VHF isikilize chaneli 16, na fataki za dharura soma tarehe ya mwisho, nyingi ni miaka mitatu tu.